Skrubu ya Sailensi Haina Kosa

Ukikwama kwenye foleni ya magari, tazama mkono wa kulia wa bodaboda aliye mbele yako. Mmoja ameulaza pajani, anapiga soga na abiria wake, na pikipiki inaunguruma taratibu kana kwamba imesinzia. Mwingine mkono hautoki kwenye mshikio: anakunja, anaachia, anakunja tena. Abiria hudhani ni mbwembwe, na askari wa barabarani hudhani ni ujeuri. Mara nyingi si hili wala lile. Dereva anajua kwamba akiachia tu injini itazima, na kupiga kiki katikati ya malori, taa ikiwa imeshageuka kijani, si jambo la kumtakia mtu.

Hali ile ya injini kujiendesha yenyewe bila akseleta kuguswa, mafundi wa Tanzania huiita sailensi. Pikipiki haishiki sailensi, au sailensi iko juu, au inapoteza sailensi ikipata moto. Ni malalamiko ya kila siku kwenye vibanda vya ufundi, na jibu lake la kawaida huchukua nusu dakika. Fundi anachukua bisibisi, anainama ubavuni mwa kabureta, anakaza skrubu moja mpaka mlio upande, anafuta mikono. "Tayari bosi, jaribu."

Nusu dakika hiyo ndiyo inayotugharimu. Skrubu ya sailensi haitibu kitu. Kazi yake ni kuinua mlango wa hewa kidogo ili injini dhaifu isizime, kama mgonjwa anayeegemezwa ukutani ili asianguke. Pikipiki nyingi ndogo tunazopanda zimeundwa kusimama kwenye mizunguko 1,400 hivi kwa dakika. Ile iliyokuwa ikisimama hapo jana na leo haiwezi, inatoa taarifa, na mara nyingi taarifa hiyo haihusu kabureta hata kidogo.

Ili kuona kwa nini sailensi ndiyo ya kwanza kuharibika, tupige hesabu ndogo. Injini ya mipigo minne huvuta pumzi mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 1,400, hizo ni pumzi 700 kwa dakika. Injini ni ya cc 125, lakini akseleta ikiwa imefungwa silinda haijai. Tuseme inapata theluthi moja ya hewa ambayo ingeipata mlango ukiwa wazi. Injini iliyo kwenye sailensi hupenda hewa gramu 12 au 13 kwa kila gramu ya petroli. Ukizidisha na kugawanya, utakuta kila pumzi inahitaji petroli miligramu 4 tu, pengine pungufu. Tone moja la petroli lina uzito wa miligramu 15 hadi 20. Yaani tone lile linaloning'inia kwenye ncha ya mpira wa mafuta unapouchomoa linatosha pumzi nne au tano, na kwa tone hilo moja injini inazunguka mara nane hadi kumi. Sonara hapimi dhahabu yake kwa uangalifu huo.

Na kipimo hicho kinafanywa na kifaa kisicho na umeme wala akili, kilichofungwa chini ya tangi, kinachotikiswa kutwa nzima kwenye barabara ya vumbi.

Kabureta inategemea ujanja uliopewa jina la Giovanni Battista Venturi, Mwitaliano aliyefariki mwaka 1822: hewa ikipitishwa penye shingo nyembamba huongeza kasi na presha yake hushuka, na petroli iliyo chini hufyonzwa juu. Mwaka 1893 Wahungari wawili, Donát Bánki na János Csonka, walipata hataza ya kabureta ya kunyunyizia kwa njia hiyo, na Wilhelm Maybach wa Ujerumani naye alikuwa na yake miaka hiyohiyo. Lakini ujanja wa shingo unataka upepo. Akseleta ikifungwa, slaidi, yaani ule mlango wa hewa, hushuka na kuziba karibu njia yote, upepo unakufa, na jeti kubwa haina tena cha kuifyonza. Kwa hiyo ndani ya kila kabureta mna kabureta ya pili, ndogo sana: jeti ndogo, kijia chake cha hewa, na kitundu kinachofunguka upande wa injini, nyuma ya slaidi, mahali ambapo injini inanyonya kwa nguvu kwa sababu mlango umefungwa. Sailensi yote iko kwenye njia hiyo.

Jeti ndogo ya Keihin iliyoandikwa 38 ina tundu la milimita 0.38. Chembe ya kutu kutoka kwenye tangi inatosha kuliziba. Tena ikiziba, pikipiki bado itakimbia vizuri barabara kuu, maana ukishakunja akseleta kupita robo, kazi inachukuliwa na sindano ya slaidi, na karibu na mwisho inachukuliwa na jeti kubwa. Hilo huwachanganya wengi. "Mbona kwenye resi haina shida?" Haina shida kwa sababu kwenye resi inatumia mlango mwingine.

Njia hii ndogo ina skrubu zake mbili, na hapa ndipo makosa ya mkono huanza. Moja ni ile ya sailensi, inayoinua slaidi. Haihusiki na mafuta, inahusika na mlango. Nyingine, ndogo na mara nyingi imejificha ndani ya kitundu, ndiyo ya mchanganyiko. Shida ya hii ya pili ni kwamba haifanyi kazi namna moja kwenye kabureta zote. Ikiwa upande wa filta ya hewa, kama ilivyo kwenye kabureta nyingi za Mikuni za familia ya VM, inapima hewa: ukiifungua, hewa inaongezeka na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ikiwa upande wa injini, nyuma ya slaidi, inapima mafuta: ukiifungua, mafuta yanaongezeka. Fundi aliyejifunzia kwenye aina moja akahamia nyingine bila kuambiwa atakuwa anazidisha ugonjwa kila anapodhani anautibu. Nimewahi kumwona kijana akihangaika hivyo saa nzima, kila akifungua ili apunguze moshi, moshi unazidi, mpaka akahitimisha kwamba ringi zimekwisha.

Kosa jingine ni kuikaza mpaka mwisho kwa nguvu. Skrubu hii ina ncha kama ya sindano, na kiti chake kimechongwa kwenye madini laini ya kabureta yenyewe. Ukiibana kwa hasira, ncha inakatikia ndani au kiti kinapanuka, na kuanzia siku hiyo kabureta hiyo haitapimika tena milele. Inafungwa kwa vidole viwili, taratibu, hadi inapogusa. Basi.

Uchafu una njia nyingi za kuingia. Pikipiki inayolala nje miezi miwili bila kuwashwa, petroli iliyo kwenye bakuli la kabureta hukauka na kuacha utando wa kahawia unaonata kama gundi, na wa kwanza kuzibwa ni huo mlango wa milimita 0.38. Vijijini petroli huuzwa kwa chupa za maji, na chupa hiyo ilikuwa na nini jana hajui hata muuzaji. Kisha kuna mafuta yaliyochakachuliwa. Kuchanganya mafuta ya taa kwenye petroli ilikuwa biashara kubwa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji Tanzania, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochezewa yatambulike, na mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, lengo likiwa kuua faida ya mchanganyiko huo. Mafuta ya taa hayageuki mvuke upesi kwenye injini isiyo na moto. Yakiingia kwenye petroli, asubuhi pikipiki inakataa kuwaka, na ikiwaka inakohoa mpaka ipate joto. Fundi atasema kabureta. Kabureta imefanya kazi yake: imenyunyiza ilichopewa.

Kusafisha nako kuna namna. Jeti ndogo huzibuliwa kwa uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa breki au wa klachi, kwa sababu ndio ulioko karibu. Uzi huo ni chuma, jeti ni shaba, na chuma hula shaba. Mara tatu au nne za kusuguliwa na milimita 0.38 inakuwa 0.42. Namba iliyochongwa juu inabaki ileile, lakini tundu limekua na pikipiki imeanza kunywa. Njiti ya chelewa haina madhara hayo, ila ni nene mno na ikikatikia ndani utaomba msamaha. Nailoni ya mshipi wa kuvulia samaki, ile nyembamba kabisa, pamoja na petroli safi na upepo wa pampu, hufanya kazi ile kwa usalama, na bei yake ni ndogo kuliko soda. Wala usisahau vile vitundu vidogo vya ndani ya mwili wa kabureta. Wengi husafisha jeti ikang'aa kama pete ya ndoa huku njia inayotoka kwenye jeti kwenda kwenye injini imeziba vilevile.

Tukifika hapo tumemaliza karibu yote ambayo kabureta inaweza kulaumiwa kwa haki. Kuna boya linalotoboka au pini yake isiyofunga, mafuta yakafurika mpaka mengine yakashuka kwenye oili; nusa kijiti cha kupimia oili, utajua. Kuna choki iliyokwama. Kuna kabureta zenye diaframu ya mpira, ambazo mpira ukichanika zina matatizo yake. Yote hayo yanaonekana kwa macho, hayahitaji maelezo marefu. Yanayohitaji maelezo ni yale yanayovaa sura ya kabureta.

La kwanza ni hewa ya kuiba, yaani hewa inayoingia kwenye injini bila kupita kwenye kabureta. Kabureta za pikipiki zenye injini za muundo wa Honda CG125, ile iliyotoka mwaka 1976 na baadaye ikaigwa na viwanda vingi vya China, hufungwa kwa bolti mbili kwenye kipande cha plastiki ngumu, katikati pana oringi. Fundi anayependa kukaza hukaza. Uso wa kabureta unajipinda katikati kama mgongo wa samaki, pembeni panabana, kati panaachia, na hewa inapenya. Dalili yake ni mahususi: ukipiga resi ukaachia, mlio haushuki mara moja. Unaning'inia juu sekunde mbili tatu, kisha unashuka, wakati mwingine unashuka mpaka injini inazima. Mimina maji kidogo kwenye maungio injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Tafadhali usitumie petroli kwa jaribio hilo juu ya injini ya moto, ingawa nimeona ikifanywa na aliyeifanya bado ana nyusi. Tiba ni kipande cha kioo, msasa laini juu yake, na kuusugua uso wa kabureta kwa kuuzungusha mpaka unyooke. Kisha oringi mpya, na mkono mwepesi kwenye spana.

La pili ni tapeti, kile kinachosukuma valvu ifunguke, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Pikipiki yangu, ya Kihindi, ilianza kuzima kila nikisimama baada ya mwendo wa nusu saa. Asubuhi ilikuwa inawaka kwa taabu, lakini ikishawaka inakwenda. Fundi wa jirani alikaza skrubu ya sailensi. Wiki mbili ikarudi palepale, akakaza tena. Mara ya tatu alifungua kabureta akaisafisha. Mara ya nne aliniambia kabureta imechoka, nikanunua mpya ya bei ya chini, na kwa siku tatu nilijiona mjanja. Siku ya nne ilizima mbele ya kituo cha mabasi.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa akifanyia kazi chini ya mkungu. Nilimwamkia, nikamweleza habari yote, nikitegemea atainama kuitazama kabureta. Hakuitazama.

"Ilikuwa inapiga kelele kichwani zamani?"

Nikakumbuka. Miezi kadhaa nyuma ilikuwa na mlio wa kugongagonga, tik-tik-tik, nami nikamlalamikia fundi, naye akakaza tapeti mpaka ikanyamaza kabisa. Nilimsifu sana siku ile.

"Basi mwanangu, kesho uje asubuhi. Usiiwashe. Isukume."

Nikaisukuma. Aliizungusha magneti mpaka alama ya T ikakaa sawa, akahakikisha valvu zote mbili zimefungwa, akachomoa majani ya kupimia. Kijitabu cha pikipiki ile kilitaka pengo la milimita 0.10 upande wa ekzosi. Jani la 0.10 halikuingia. Akachukua la 0.05, nalo likagoma. Pengo halikuwepo.

Valvu ya ekzosi hupata moto kuliko kitu kingine chochote kinachotembea humo ndani, na chuma kikipata moto hurefuka. Pengo lile dogo ndilo nafasi yake ya kurefukia. Lisipokuwepo, valvu iliyorefuka inakutana na tapeti, haiwezi kurudi yote kwenye kiti chake, na kompresheni inavuja. Kwenye resi injini haina muda wa kuona hasara hiyo, maana kila kitu kinapita upesi. Kwenye sailensi, ambapo kila pumzi imepewa miligramu 4 tu za kujikimu, uvujaji mdogo ni kifo. Tena pengo hili, kinyume na watu wanavyodhani, kwa valvu za ekzosi mara nyingi halipanuki kwa uchakavu bali linafinyika: valvu na kiti chake vinalika, valvu inazama juu kidogo kidogo kichwani, mkia wake unasogelea tapeti. Na tapeti iliyobana haina kelele. Injini inayokufa kwa ugonjwa huu hufa kimya, mwenye nayo akisifu utulivu wake.

Kwa hiyo mnyororo wote ulianzia kwangu. Nililalamikia kelele, kelele ikazibwa, kompresheni ikaondoka, sailensi ikaondoka, skrubu ikakazwa, jeti ikasuguliwa, kabureta nzima ikatupwa. Kila tiba ilitibu alama iliyoachwa na tiba iliyoitangulia.

Si kwamba mafundi wale ni wajinga. Tazama hesabu ilivyokaa. Pikipiki zilimiminika haraka kuliko mtu alivyoweza kufundishwa: Kenya iliondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, Tanzania ikaweka kanuni za kuruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kwa malipo mwaka 2010, na vijana waliokuwa wakiziba pancha za baiskeli wakajikuta ni mafundi wa injini. Mteja wao hana muda. Ana hesabu ya kumpelekea mwenye pikipiki jioni. Kupima tapeti kunataka injini iliyopoa, yaani kuiacha usiku kucha au kukosa kazi ya asubuhi. Skrubu inataka nusu dakika. Anayekodi kwa siku, deiwaka, hata hana sababu ya kujali kwamba valvu itaungua baada ya miezi mitatu: mafuta ya leo ni ya kwake, valvu ni ya bosi. Aliye kwenye mkataba, ambaye pikipiki itakuwa yake akimaliza kulipa, husikiliza zaidi. Ukitaka kujua nani ana mkataba kijiweni, angalia nani anainama kusikiliza injini yake kabla ya kuondoka.

Na skrubu iliyokazwa si bure. Injini yetu ya hesabu, kwa mizunguko 1,400, inakunywa kama moja ya tano ya lita kwa saa ikiwa imesimama. Ipandishe hadi 2,000 na kiasi hicho kinapanda kwa zaidi ya theluthi, ukiongeza klachi inayoburuzwa kila unapoingiza gia ya kwanza kwa kishindo. Kwa pikipiki moja ni senti. Kwa mtu anayesimama kwenye foleni na kijiweni saa nyingi kila siku, bila kuzima kwa sababu anaogopa haitawaka, si senti tena.

Zipo sababu nyingine za kando ambazo fundi mzuri hupitia kwanza kwa kuwa hazina gharama: plagi yenye masizi au iliyoachama, mfuniko wa tangi ambao kitundu chake cha hewa kimeziba kwa matope, filta iliyojaa vumbi. Kuhusu filta nina ugomvi na vijana wanaoitoa kabisa ili "injini ipumue". Inapumua, kweli. Inapumua mchanga. Na kwa kuwa jeti zilichaguliwa kwa kuhesabu kizuizi cha filta, ikitolewa hewa inazidi na sailensi inayumba, kisha mtu anakuja kwa fundi kulalamika kuhusu kabureta.

Sababu moja haina mkosaji kabisa, nayo ni mwinuko. Pikipiki iliyopimwa vizuri Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikipandishwa hadi Mbeya, mita 1,700 hivi juu, inakuta hewa nyepesi kwa takriban asilimia 15. Kabureta haijui imehama. Inapunguza mafuta kidogo, lakini si kwa kiasi ambacho hewa imepungua, na matokeo yake mafuta yanazidi: plagi inaingia weusi, sailensi inakuwa nzito na ya kukohoa. Robo mzunguko wa skrubu ya mchanganyiko, wa kupunguza mafuta, mara nyingi unatosha. Wapo waliouza pikipiki nzuri kwa hasara kwa kukosa robo mzunguko huo.

Pikipiki zenye sindano ya umeme badala ya kabureta hujipimia zenyewe mambo haya. India ililazimisha viwango vipya vya moshi kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, na kwa sehemu kubwa kabureta ikaondoka kwenye pikipiki zinazouzwa kule nyumbani kwao. Zinazoletwa kwetu bado nyingi zinayo, na sioni aibu katika hilo. Kitu kinachofunguka kwa bisibisi moja chini ya mti, katika kijiji kisicho na kompyuta, kina heshima yake. Ila kinadai anayekifungua akijue.

Sasa upimaji wenyewe, kwa mtu ambaye ameshahakikisha tapeti, plagi, filta na maungio. Pikipiki iendeshwe kwanza dakika kumi, choki imefungwa, injini iwe ya moto kama itakavyokuwa barabarani. Kupima injini ya baridi ni kushona suti kwa vipimo vya mtu mwingine. Isimamishwe nje. Moshi wa ekzosi ndani ya banda lililofungwa una sumu isiyo na harufu, na watu wamekufa hivyo. Kwanza, injini ikiwa imezimwa, funga skrubu ya mchanganyiko polepole huku ukihesabu mizunguko mpaka iguse, uandike namba hiyo mahali. Hiyo ndiyo njia yako ya kurudi nyumbani ukipotea. Ifungue tena mzunguko mmoja na nusu au miwili. Washa, inua sailensi kidogo kwa ile skrubu ya kwanza. Kisha sogeza ya mchanganyiko robo kwa robo, na kila robo usubiri, kwa maana injini huchelewa kujibu. Upande mmoja mlio utadhoofika na kuwa mzito, upande mwingine utaanza kurukaruka na kukatika. Katikati yake pana mahali ambapo injini inapanda yenyewe na kulainika, na ukiisikia mara moja hutaisahau. Ukifika hapo, shusha skrubu ya sailensi, kisha tafuta katikati upya, kwa maana pamehama kidogo. Mara mbili au tatu.

Halafu piga resi fupi ya ghafla. Ikisita kabla ya kupanda, mafuta ni machache. Ikipanda vizuri lakini ikishuka ikazama chini ya mahali pake karibu kuzima, mafuta yamezidi. Ikipanda na kurudi ikatua palepale ilipokuwa, weka bisibisi mfukoni.

Mzee wa chini ya mkungu hakufika huko siku ile. Alilegeza tapeti, akapima, akakaza nati, akapima tena kwa sababu nati ikikazwa huvuta tapeti nayo. Akaniambia niwashe. Injini ililia kwa mlio wa juu ajabu, kama trekta, kwa sababu skrubu ya sailensi ilikuwa bado imekazwa. Akaifungua. Mzunguko mmoja, wa pili, karibu wa tatu. Mlio ukashuka, ukashuka, ukatulia, na kichwani pakawa na kale kamlio kadogo, tik-tik-tik, ambako nilikuwa nimelipa pesa kukaondoa.

Nikamuuliza ni kiasi gani. Aliponitajia nikaona ni nyingi. Nikamwambia, mzee, mbona hujabadilisha kitu?

Akanitazama, akatazama kabureta mpya niliyoinunua bila sababu, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Nikalipa.